Mbasa, Dagaa na Kahawa: Nyasa Pesa Yako Iende Wapi?

Anayeteremka kutoka Mbinga kwenda Mbamba Bay, kilomita 66 za lami yenye kona nyingi, huwa ameshaambiwa jambo moja: usirudi bila kula mbasa. Ushauri mzuri, ila haumwambii mbasa yupi wala wa wapi, na hapo ndipo wageni wengi wanapoliwa pesa.

Mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa, ana mafuta na nyama tamu, na mvua zikinyesha hupanda mito kwenda kutaga. Ruhuhu, unaoingia ziwani kule Lituhi, ni mto wake mashuhuri. Mnunue ufukweni asubuhi, mashavu yakiwa bado mekundu, achomwe kwa chumvi tupu, uletewe na ugali wa muhogo. Bei yake ni kubwa, lakini hapo ni halali. Akishapandishwa mlima hadi Mbinga mjini bila barafu ya kutosha, unamlipia nauli huku ladha imebaki njiani. Mjini afadhali uchukue aliyekaushwa kwa moshi. Kipande kidogo tu kinanukisha mchuzi mzima wa karanga.

Kwenye dagaa ndiko kwenye hesabu. Samaki mbichi karibu robo tatu yake ni maji, kwa hiyo kilo moja ya wakavu imetoka kwenye kilo kama nne za wabichi. Tuseme wabichi ni shilingi 2,000 kwa kilo: wakavu wa 8,000 wala si ghali, maana kazi ya kuanika umefanyiwa. Tatizo ni kwamba sokoni hupimiwa kwa kisado, si kwa mizani. Chota kiganja, uchekeche taratibu, kisha uangalie kilichobaki mkononi. Walioanikwa kwenye chanja huacha magamba machache. Walioanikwa chini huacha mchanga, nao mchanga unaulipia bei ya samaki. Tazama na mwezi pia. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivutii kitu, basi bei hupanda. Asiye na haraka hungoja giza.

Chakula ninachokipigia debe kuliko mbasa ni cha bei ya chini kabisa: maharage ya Umatengo, huko milimani Mbinga, na dagaa wa Nyasa katika sufuria moja. Maharage hayo hutoka kwenye ngoro, yale mashimo ya miteremkoni ambako nyasi hupangwa miraba na kufukiwa udongo, yakapandwa maharage, kisha mahindi. Yakishaiva, tia kiganja kimoja cha dagaa waliokaangwa wakakauka, na embe bichi lililokunwa. Ladha ya ziwa, unga wa maharage, ukali wa embe. Kiganja hicho kimoja kinatosha watu sita.

Anayetaka maajabu zaidi avuke upande wa Malawi atafute mkate wa kungu, wadudu wadogo wanaopaa juu ya ziwa kama moshi, wakakusanywa na kukandwa. Livingstone alipoonjeshwa, katika safari yake ya ziwani ya mwaka 1861, aliufananisha na kaviari, yale mayai ya samaki ambayo matajiri wa Ulaya huyanunua kwa kijiko.

Imebaki kahawa, na hapa Mbinga inachekesha. Milima yote ni arabika, lakini agiza kahawa kwenye hoteli uone: unaletewa chupa ya maji moto na kopo la kahawa ya unga. Nunua yako. Buni mbichi hupungua uzito kwa takriban asilimia 15 ikikaangwa, yaani kilo moja inakupa gramu 850 hivi. Ongeza kuni na jasho, ndipo uilinganishe na bei ya iliyokwisha kukaangwa. Mbichi hukaa miezi, ya kukaangwa huanza kupoteza harufu ndani ya wiki chache. Muulize muuzaji aliikaanga lini. Akisita, chukua mbichi.