Kondo la Nyuma, Madini ya Chuma na Siku za Mzazi: Mjadala wa Vidonge vya Kondo kwa Kuzingatia Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Kula kondo la nyuma lililokaushwa, likasagwa na kutiwa katika kapsuli ni zoea lililopata wafuasi Marekani na Ulaya kama njia ya kumrudishia mzazi nguvu. Makala haya yanapima madai ya zoea hilo kwa ushahidi uliochapishwa, kisha yanauliza lina maana gani kwa Gitega na Muyinga nchini Burundi. Hoja yake ni kwamba madai ya wauzaji wa kapsuli yanataja kwa usahihi mahitaji ya mwanamke aliyetoka kujifungua, ila dawa wanayoitoa haiyafikii. Aidha, suala la kondo linalohitaji uamuzi wa kisera Burundi ni namna linavyokabidhiwa na kufukiwa.

1.0 Utangulizi

Mwezi Mei 2006 serikali ya Burundi ilifuta malipo ya kujifungua katika vituo vya afya vya umma, pamoja na malipo ya matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5. Mabadiliko yaliyofuata yanajulikana vyema kwa watafiti wa afya. Utafiti wa kitaifa wa Demografia na Afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba takriban asilimia 60 ya uzazi ulifanyika vituoni. Ule wa 2016-2017 ulionesha asilimia 84. Katika kipindi hicho hicho makadirio ya vifo vya uzazi yalishuka kutoka 500 hadi 334 kwa kila vizazi hai 100,000.

Takwimu nyingine ya tafiti hizo hizo haijapewa uzito unaolingana. Upungufu wa damu kwa wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 ulipanda kutoka asilimia 19 mwaka 2010 hadi asilimia 39 mwaka 2016-2017. Kwa maneno mengine, mwanamke wa Burundi alianza kufika kituoni kwa wingi zaidi wakati ule ule ambapo damu yake ilikuwa inapungua. Anajifungua salama, kisha anarudi mlimani kwake akiwa na upungufu ambao uzazi wenyewe umeuongeza. Ni katika pengo hili, kati ya kitanda cha kujifungulia na kurejea shambani, ambapo madai ya vidonge vya kondo yanaweza kupata masikio.

Majina ya Gitega na Muyinga yanatumika hapa kwa mipaka ya mikoa ya zamani. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa ya nchi kuwa mitano, na Muyinga imo sasa katika mkoa wa Buhumuza.

2.0 Zoea lenyewe na umri wake

Utengenezaji wa kapsuli ni rahisi kueleza. Kondo huoshwa, mara nyingi hupikwa kwa mvuke, hukatwa vipande vyembamba, hukaushwa kwa joto la chini kwa saa kadhaa, husagwa na kutiwa katika kapsuli. Mzazi huzimeza kwa wiki kadhaa. Anaahidiwa mambo manne: damu, maziwa, utulivu wa moyo na nguvu za mwili.

Wauzaji hupenda kusema kwamba wanafufua desturi ya kale ya binadamu. Young na Benyshek (2010) walipitia maelezo ya kiethnografia ya jamii 179 na hawakupata jamii ambayo kwayo mama kula kondo lake ni desturi iliyothibitika. Walichokipata kwa wingi ni taratibu za kulizika, kulificha au kuliweka mahali maalumu. Ni kweli kwamba utabibu wa Kichina umetumia kondo lililokaushwa kwa karne nyingi, lakini kama dawa ya wagonjwa wa aina mbalimbali, si kama chakula cha mzazi aliyelizaa. Zoea la kapsuli kwa wazazi ni la miongo ya karibuni. Upya wake hauufanyi ubaya, ila hoja ya ukale inapaswa kuondolewa mezani kabla ya kujadili hoja ya afya.

3.0 Ushahidi na hesabu ya chuma

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Nevada, Las Vegas. Wanawake 27 waligawanywa kwa nasibu. 12 walipewa kapsuli za kondo na 15 walipewa kapsuli za nyama ya ng'ombe iliyokaushwa, bila wao wala watafiti kujua nani amepata nini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 hayakuonesha tofauti ya kutegemewa katika hali ya moyo, uchovu wala uhusiano wa mama na mtoto. Ni jaribio dogo, na kwa hiyo halifungi mjadala. Lakini mzigo wa kuthibitisha uko kwa anayeuza.

Kuhusu chuma, kikundi hicho hicho (Gryder na wenzake, 2017) kilipima vidonge vyenyewe na kukuta wastani wa miligramu 0.664 za chuma katika kila gramu ya unga wa kondo. Kwa dozi ya juu ya gramu 3.3 kwa siku, mzazi hupata takriban miligramu 2.2, yaani chini kidogo ya robo ya kiwango kinachopendekezwa kwa anayenyonyesha. Viwango vya chuma vya waliomeza kondo havikutofautiana kwa maana na vya wenzao.

Hesabu hii inaweza kusogezwa mbele kidogo. Kondo la kawaida lina uzito wa karibu gramu 500, na likikauka haliachi zaidi ya gramu 100 za unga. Chuma chote kilichomo hakizidi basi miligramu 66. Kidonge kimoja cha chuma kinachotolewa kliniki huwa na miligramu 60. Kondo zima, kwa kazi yote ya kulikausha na kulisaga, ni sawa na kidonge kimoja.

Mtetezi wa kapsuli atajibu kwamba chuma cha asili ya damu hufyonzwa vizuri kuliko cha kidonge, na hilo ni kweli. Hata hivyo, mwanamke anayepoteza mililita 500 za damu akiwa na hemoglobini ya gramu 12 kwa desilita hupoteza karibu miligramu 200 za chuma. Kondo lake, hata kama lingefyonzwa lote bila kubaki chembe, lisingerudisha zaidi ya theluthi moja. Vidonge vya miligramu 60 kwa siku 42 hutoa miligramu 2,520; hata ikifyonzwa sehemu ya kumi tu, deni limelipwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chuma, pamoja na asidi ya foliki au bila hiyo, kwa wiki 6 hadi 12 baada ya kujifungua pale ambapo upungufu wa damu wa wajawazito unafikia asilimia 20 au zaidi.

Upande wa madhara una tukio moja lililoandikwa vizuri. Mwaka 2016, katika jimbo la Oregon, mtoto mchanga alipata maambukizi ya damu ya bakteria aina ya Streptokoki wa kundi B, akatibiwa, akaruhusiwa, kisha akaugua tena. Bakteria wa aina ile ile walikutwa katika kapsuli za kondo alizokuwa akizimeza mama yake. Kituo cha Marekani cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa kilichapisha taarifa hiyo Juni 2017 na kushauri kapsuli hizo ziepukwe, kwa kuwa ukaushaji hauhakikishi kuua vimelea. Ikiwa mashine ya umeme yenye kipimo cha joto haitoi uhakika huo, moto wa makaa katika jiko la nyumbani hauwezi kutegemewa zaidi.

Kuna jambo jingine ambalo tafiti za Nevada hazikulazimika kulifikiria. Katika maeneo ya malaria, vimelea vya Plasmodium falciparum hujificha ndani ya kondo hata pale ambapo damu ya kidoleni haioneshi kitu. Burundi ilitangaza mlipuko wa malaria Machi 2017. Kondo la mwanamke wa Muyinga haliwezi kudhaniwa kuwa kitu kile kile kilichopimwa Las Vegas.

4.0 Kondo katika lugha na katika ardhi

Kirundi huliita kondo *ingovyi*. Neno hilo hilo hutaja mbeleko ya mtoto na machela ya kumbebea mgonjwa. Kiswahili kina *kondo la nyuma* na *zalio*, na kina pia usemi kwamba mtu ni wa mahali kilipozikwa kitovu chake. Nchini Uganda, John Roscoe aliandika mwaka 1911 kwamba Baganda walizika kondo penye shina la mgomba, na kwamba lilihesabiwa kuwa pacha wa mtoto. Msamiati huu wa ukanda unaweka kondo upande wa kubeba na wa kuzika. Hauliweki upande wa kula.

Kuhamia kwa uzazi vituoni kulihamisha pia kondo. Zamani lilifukiwa karibu na nyumba na watu wa nyumba. Sasa huingia katika shimo la kondo la kituo, lenye mfuniko wa zege, na kumbukumbu yake pekee ni neno la Kifaransa katika fomu: limetoka kamili au halikutoka kamili. Neno hilo ni la lazima, kwani kipande kilichobaki tumboni huleta damu na homa, na wakunga wa jadi nao walilijua hilo. Lakini fomu haiulizi familia inataka nini. Mabadiliko yaliyogusa uzazi mwingi wa nchi nzima yalipita bila kujadiliwa, pengine kwa sababu waliokuwa na la kusema hawakuwa na lugha ya fomu. Mkunga huzungumza na mzazi kwa Kirundi. Katika mitaa ya Waislamu ya Gitega na Muyinga, na kwa wanaovuka Kobero kuelekea Ngara, Kiswahili nacho husikika.

Shimo lenyewe lina masharti. Kondo lisimwagiwe klorini, kwani dawa hiyo huua vijidudu vinavyolioza na shimo hujaa mapema. Na katika nchi ya milima, ambako watu hukaa mteremkoni na kuchota maji katika chemchemi za bondeni, mahali pa kuchimba ni suala la maji ya kunywa.

5.0 Mambo ya kuamuliwa

Kapsuli za kondo zinasimama kati ya chakula na dawa. ABREMA, mamlaka ya Burundi inayosimamia dawa za binadamu na vyakula, inaweza kutamka mapema kwamba haziruhusiwi kuuzwa, kabla hazijapata wateja na watetezi. Katazo pekee, hata hivyo, litamwacha mzazi pale alipokuwa.

La haraka zaidi ni kwamba mzazi aondoke kituoni akiwa na vidonge vya chuma vya wiki sita mkononi, na si cheti cha kuvifuata baadaye. Waliowahi kupanda milima ya Muyinga wakiwa na mtoto wa siku tatu mgongoni wanajua kwa nini. Shirika la Afya Duniani (2022) linataka mzazi akae kituoni angalau saa 24, kisha aonwe kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Wahudumu wa afya wa jamii, *abaremeshakiyago*, wanafika nyumbani tayari. Wakiongezewa maswali mawili, kama vidonge vinamezwa na kama mzazi analala na kula bila huzuni isiyoisha, watakuwa wamegusa ahadi mbili kati ya nne za kapsuli kwa gharama ndogo.

Jamii nayo ina chombo chake. *Guhemba*, ile desturi ya kumtembelea mzazi kwa zawadi na vyakula, hupeleka chakula nyumbani katika siku ambazo mzazi hawezi kulima. Gramu 100 za maharage makavu zina chuma kiasi cha miligramu 5, zaidi ya dozi ya siku ya kapsuli, ingawa chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida na chai inayonywewa pamoja na chakula huongeza shida hiyo. Ushauri wa kuchelewesha chai kwa saa moja, na wa kuongeza lengalenga na ndagala pale zinapopatikana, utafuatwa kwa wepesi zaidi ukisemwa na mgeni wa *guhemba* kuliko ukibandikwa ukutani kwa Kifaransa.

Kuhusu kondo, kinachohitajika ni mstari mmoja katika fomu ya kujifungua, chini ya ule unaosema kama limetoka kamili: limefukiwa kituoni, au limekabidhiwa kwa familia likiwa limefungwa vizuri, pamoja na maelezo ya kina cha shimo na umbali kutoka chemchemi. Mkunga atauliza swali hilo kwa Kirundi au kwa Kiswahili, kabla ya kondo kutolewa chumbani.