Mchezo Unaofundisha Kufikiri

Mzazi akimkuta mwanawe ameinama mbele ya kompyuta akicheza, neno la kwanza limtokalo ni, "Acha upuuzi huo, kasome!" Mara nyingi ana haki. Hata hivyo, ipo michezo ambayo ndani yake mna shule. Mmojawapo ni Robot Odyssey, uliotolewa Marekani mwaka 1984 na kampuni ya The Learning Company kwa ajili ya kompyuta za Apple II.

Mchezaji hujikuta katika mji wa roboti ulio chini ya ardhi, naye hana budi kutafuta njia ya kutokea. Hana bunduki. Wasaidizi wake ni roboti tatu, ambazo huziingia tumboni na kuziunganisha nyaya. Kila roboti ina vigusio vya kutambua ukuta, injini za kuisukuma, mkono wa kushika vitu, antena ya kupelekea ishara na betri inayokwisha.

Nyaya hizo hupita katika milango ya mantiki. Mlango wa NA ni kama ghala la silaha lenye kufuli mbili na washika funguo wawili: asipokuwapo mmoja, halifunguki. Mlango wa AU hufunguka kwa ufunguo wowote mmoja. Mlango wa SI hugeuza mambo: ishara ikiingia huzima, isipoingia huwasha.

Tuseme mtoto ataka roboti iende kulia hadi ukutani, kisha irudi kushoto hadi ukuta wa pili. Huunganisha kigusio na injini, akadhani kazi imekwisha. Kumbe roboti hugonga ukuta, hurudi kidogo, huugonga tena, ikatetemeka papo hapo. Kwa nini? Ikiachana na ukuta, ishara hukatika, nayo "husahau" kwamba iliugusa. Dawa yake ni kifaa kiitwacho flipu-flopu, ambacho hukaa kama kilivyoachwa na ishara ya mwisho, mfano wa swichi ya taa.

Hapo ndipo lilipo somo. Mashine haitendi ulichokusudia, bali ulichoiagiza. Haibembelezwi, wala haiogopi ukali. Mtoto hulazimika kufuata waya mmoja mmoja mpaka alione kosa lake mwenyewe. Tabia hiyo yafaa karakana, zahanati na kambi.

Asiye na kompyuta asivunjike moyo. Tafuta betri ya tochi, balbu yake, vipande vya waya na swichi mbili. Ukizipanga swichi katika njia moja, zikifuatana, balbu haiwaki mpaka zote mbili ziwashwe: hiyo ni NA. Ukiipa kila swichi njia yake, yoyote huwasha: hiyo ni AU. Umeme wa ukutani usiguswe kamwe.

Balbu ikikataa kuwaka, mzazi, usimnyang'anye mtoto nyaya. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba jibu la kupewa husahaulika upesi. Mwulize tu, "Mwanangu, umeme umekwama wapi?" Kisha nyamaza, umwache atafute.