Japani: Chuma cha India kilipokuwa rahisi kuliko cha nyumbani

Kati ya vita kuu mbili za dunia, wenye viwanda wa Japani walibishana juu ya jambo moja: kununua chuma ghafi cha India ao cha nyumbani? Chuma ghafi ni kile kinachotoka kwenye tanuru, kabla ya kugeuzwa chuma cha pua.

Bei ya India ilikuwa ya chini. Kampuni ya Tata, huko Jamshedpur, ilikuwa na mawe yenye chuma kingi, na makaa ya Jharia hayakuwa mbali. Yawata, kiwanda cha serikali ya Japani kilichofunguliwa mwaka wa 1901, kilileta mawe mengi kwa meli toka Daye, China.

Wenye matanuru waliomba kodi ya duane ipandishwe. Wale walionunua chuma ghafi, kama Nippon Kokan ya Kawasaki, walitaka cha India kiendelee kuingia.

Mwezi wa kumi na mbili 1931, Japani iliacha kufunga feza yake kwa zahabu. Yeni 100, zilizolingana na dola karibu 49, zilishuka hadi karibu dola 20 mwishoni mwa 1932. Mwaka huo kodi ya duane ikapandishwa pia. Chuma cha nje kikawa ghali, hata bila muuzaji kuongeza kitu.

Mwaka wa 1934, Yawata na kampuni kadhaa za watu binafsi ziliunganishwa kuwa Nippon Seitetsu. Nippon Kokan ilibaki inje. Mwaka wa 1936 iliwasha tanuru lake yenyewe.