Mshahara Huonekana Kapuni

Mwenye kutaka kuijua hali ya mji mdogo asiende kwanza bomani wala stesheni. Aende sokoni asubuhi ya Jumamosi.

Natutazame Korogwe, mji ulio kando ya mto Pangani. Kabichi, karoti na viazi huteremshwa kutoka milima ya Lushoto. Machungwa hutoka Muheza. Nazi hutoka pwani. Mama hufika na kapu lake, mtoto akimfuata nyuma. Kabla ya kuulizana bei ya nyanya, watu huulizana hali: mgonjwa aonaje leo, posa ya binti imefikia wapi, mvua imenyesha huko mlimani? Aliyefiwa hupewa pole papo hapo, na mchango wa mazishi huanzia hapo. Biashara ikiisha, muuzaji huongeza nyanya moja juu ya fungu. Jioni mtoto hutumwa dukani kununua chumvi. Hujifunza kuhesabu chenji na kuwaamkia wakubwa. Hiyo nayo ni shule, tena haina ada.

Desturi hiyo ni njema, nasi twaisifu. Lakini yako mambo mawili ndani ya kapu hilo ambayo sisi wafanyakazi hatuna budi kuyatazama.

La kwanza ni kwamba wengi wetu wanaume hatuendi sokoni. Twaacha fedha mezani asubuhi, na jioni twauliza zimekwenda wapi. Ugomvi mwingi wa nyumbani huzaliwa hapo. Asiyejua bei ya unga hajui thamani ya mshahara wake, na mwanamume abebaye kapu hapungukiwi heshima hata chembe.

La pili ni kununua kidogo kidogo. Siku ya mshahara ikiwa bado mbali, twanunua robo kilo ya sukari na kipimo kimoja cha mafuta, tena kwa daftari la deni. Hatumlaumu mwenye duka. Mara nyingi yeye ndiye anayetuvusha hadi mwisho wa mwezi, na wako waliofunga maduka kwa sababu ya madeni yetu. Hata hivyo, anunuaye kipimo kidogo kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anunuaye gunia. Basi mwenye kipato kidogo ndiye anunuaye kwa bei ghali.

Tatizo hili si geni. Mwaka 1844 watu 28 wa mji wa Rochdale, Uingereza, wengi wao wafumaji na mafundi, waliweka akiba kidogo kidogo, na tarehe 21 Desemba wakafungua duka lao la unga, siagi, sukari na mishumaa. Walishika kanuni chache: vipimo kamili, bidhaa safi, malipo taslimu, na faida kurudishiwa wanachama kwa kadiri ya manunuzi yao. Ushirika wa walaji katika nchi nyingi uliufuata mfano huo.

Hapa Tanzania tulipata somo jingine. Mwaka 1976 maduka ya watu binafsi yalifungwa katika vijiji vingi kabla maduka ya ushirika hayajawa tayari, na wananchi wakahangaika kutafuta bidhaa. Ushirika hauletwi kwa kufuli. Huanza kwa majirani wanaofahamiana na kuaminiana, na majirani hao hukutana sokoni kila Jumamosi.

Kwa hiyo twatoa shauri. Mshahara ukitoka, kila mtu alipe kwanza deni la dukani. Kisha familia tano zichange, zinunue gunia moja la mchele, na kuligawa kwa mizani mbele ya wote, hesabu ikiandikwa na mmoja na kukaguliwa na mwingine. Chumvi, kiberiti na mahitaji mengine ya kila siku tutaendelea kuyanunua kwa mwenye duka wetu, lakini kwa taslimu, naye atashukuru.

Wazee walisema haba na haba hujaza kibaba, na kibaba kilikuwa kipimo cha nafaka. Wajazao wakiwa wengi, hujaa upesi. Ndugu mfanyakazi, Jumamosi ijayo lishike kapu wewe mwenyewe, ufuatane na mkeo na wanao, na umwulize jirani yako kama yuko tayari.