Kompyuta inabubujika? Toa hewa kabla pampu haijaungua

Umenunua kompyuta Nairobi, ukaibeba kwa matatu hadi Ruiru au Thika. Kuiwasha tu, unasikia maji yakibubujika ndani. Usipuuze, hiyo ni hewa iliyonaswa kwenye mfumo wa kupoza prosesa kwa maji. Pampu hulainishwa na maji hayo hayo. Ikimeza hewa inasagika, na joto linapanda ukiwa katikati ya gemu au, mbaya zaidi, kazi ya mteja.

Shika jambo moja: hewa hupanda juu. Kama mfumo wako ulifungwa kiwandani, usiufungue. Hakikisha sehemu ya juu ya redieta imepita pampu kwa urefu, ili hewa ikae huko. Zima mashine, inamisha kasha polepole huku na huku, kisha washa usikilize.

Kama umeuunganisha mwenyewe, hapo kazi ipo. Wakati wa kujaza, pampu pekee ndiyo ipate umeme. Tandaza tishu chini ya viungo uone panapovuja. Jaza tanki, washa pampu sekunde chache, zima, ongeza maji. Usiache tanki likauke. Rudia. Viputo vidogo huchukua saa kadhaa, hata siku nzima, kutoka.

Na maji ya mfereji au ya kisima? Hapana, yana madini. Tafuta yaliyokenekwa, yenye dawa ya kuzuia kutu na mwani.

Sauti ikiisha na joto likitulia, funga kasha. Sasa unaweza kurudi kwa gemu yako.