Singa na Wanga: Tofali Moja, Kazi Mbili

Msafiri atokaye Korogwe kwenda Tanga hupita katikati ya mashamba ya mkonge yaliyopandwa kwa safu zilizonyooka. Kando ya mashamba hayo, karibu na nyumba za watu wa Hale, Ngomeni na Muheza, huota muhogo. Mkonge hutoa singa zinazosokotwa kuwa kamba. Muhogo hutoa unga unaosongwa kuwa ugali. Hakuna ajaribuye kula kamba, wala hakuna afungaye jahazi kwa ugali. Hata hivyo, mkemia akizichunguza singa za mkonge na unga wa muhogo, ataona kwamba sehemu kubwa ya vitu hivi viwili imejengwa kwa tofali la aina moja. Tofali hilo ni sukari iitwayo glukosi.

Yawezekanaje tofali moja litoe kamba na chakula? Jibu la swali hili laeleza jinsi seli za viumbe vyote zilivyojengwa. Kadhalika laeleza kwa nini zao la mkonge lilipanda na kuporomoka, na kwa nini taka zake zina thamani.

Jamii nne za molekuli

Kila kiumbe hai, kuanzia bakteria hadi mbuyu, kimejengwa kwa seli. Sehemu kubwa ya seli ni maji. Maji yakiondolewa, kinachobaki aghalabu ni molekuli za jamii nne. Jamii ya kwanza ni protini, ambazo hujengwa kwa asidi amino za aina 20. Ya pili ni asidi za kiini, kama vile DNA, ambazo hujengwa kwa nyukleotidi. Katika DNA nyukleotidi hizo ni za aina nne tu. Ya tatu ni mafuta na jamaa zake. Ya nne ni kabohaidreti, yaani sukari na vitu vilivyojengwa kwa sukari.

Inafaa izingatiwe kwamba matofali haya ni machache, na kwamba ni yale yale katika viumbe vyote. Asidi amino zilizomo katika samaki wa Pangani ni zile zile zilizomo katika jani la mkonge na katika msuli wa mvuvi. Kinachotofautisha kiumbe na kiumbe ni mpangilio wa matofali hayo, na namna yalivyounganishwa.

Mkonge unavyofyatua matofali yake

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani. Miche 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo michache yalienea mashamba ya Tanga.

Mmea huu ulistawi kwa sababu unajua kuishi na ukame. Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili kuvuta kabonidioksidi kutoka hewani, na wakati huo huo hupoteza maji mengi kwa joto la jua. Mkonge hufanya kinyume. Hufungua vitundu vyake usiku, penye ubaridi, na kuihifadhi kaboni ndani ya seli katika umbo la asidi. Kunapokucha hufunga vitundu, kisha hutumia nguvu ya jua kuigeuza kaboni ile iliyowekwa akiba kuwa sukari.

Kutokana na sukari hiyo mmea hupata glukosi. Kila molekuli ya glukosi ina atomi 6 za kaboni, 12 za hidrojeni na 6 za oksijeni, baadhi ya atomi hizo zikiwa zimejipanga kama pete. Hili ndilo tofali. Mmea waweza kulichoma ili kupata nguvu, kulihifadhi, au kulijengea.

Siri imo katika kiungo

Glukosi mbili zinapoungana, molekuli moja ya maji hutoka, na atomi ya oksijeni hubaki katikati kama kiungo. Lakini kiungo hicho chaweza kukaa kwa namna mbili.

Katika wanga wa muhogo, glukosi zote huelekea upande mmoja. Kwa sababu hiyo mnyororo hujipinda na kujizungusha kama ukindu uliokunjwa. Mnyororo uliojikunja una nafasi nyingi ndani yake, maji huingia kwa urahisi, na unga huvimba unapopikwa.

Katika singa za mkonge, kila glukosi hugeuzwa kichwa chini miguu juu ikilinganishwa na jirani yake. Badiliko hilo dogo huufanya mnyororo unyooke kabisa. Minyororo iliyonyooka hulala sambamba na kushikamana kwa viungo vya hidrojeni. Kiungo kimoja cha namna hiyo ni dhaifu, lakini vikiwa maelfu hushika imara, kama vile nyuzi nyingi zinavyotengeneza kamba isiyokatika upesi. Kitu kinachopatikana huitwa selulosi, nacho ndicho sehemu kubwa ya singa. Basi singa ni kamba hata kabla haijasokotwa.

Mwanakemia Mfaransa Anselme Payen alihusika katika ugunduzi wa mambo yote mawili. Mwaka 1833, pamoja na mwenzake Jean-François Persoz, alipata kutoka katika shayiri iliyochipua kitu kinachougeuza wanga kuwa sukari. Mnamo mwaka 1838 alionyesha kwamba kuta za seli za mimea zina kitu cha namna moja, ndicho kilichokuja kuitwa selulosi.

Kufuli na ufunguo

Kile alichokipata Payen mwaka 1833 huitwa leo kimeng'enya. Vimeng'enya karibu vyote ni protini zenye umbo maalumu, na kila kimoja hufungua au hufunga kiungo cha aina yake, kama ufunguo ufaavyo kufuli lake. Mate ya binadamu yana ufunguo wa wanga. Ufunguo wa selulosi mwili wa binadamu hauwezi kuutengeneza. Ndiyo sababu muhogo hushibisha, na singa hazishibishi, ijapokuwa tofali ni lile lile.

Ng'ombe naye hana ufunguo huo katika seli zake mwenyewe. Amewahifadhi bakteria wenye ufunguo ndani ya tumbo lake. Kuvu waozeshao magogo msituni nao wanao, na mchwa hula miti kwa msaada wa vijidudu waishio matumboni mwao.

Wanafunzi waweza kuuona ukweli huu darasani. Tengeneza uji mwepesi wa unga wa muhogo, uuchemshe na uuache upoe. Utie kidogo katika mirija miwili ya majaribio. Katika mrija wa kwanza ongeza mate, na katika wa pili ongeza maji. Iweke yote miwili katika maji ya uvuguvugu kwa muda wa nusu saa, kisha tia matone ya iodini. Mrija wenye maji utakuwa na rangi ya buluu iliyokoza, ambayo ni dalili ya wanga. Katika mrija wenye mate rangi hiyo itafifia au haitatokea, kwa kuwa minyororo imekatwa. Kisha dondoshea iodini singa safi zilizooshwa: rangi ya buluu haitaonekana.

Kamba iozayo na kamba isiyooza

Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Lakini miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1954, Giulio Natta wa Milano, Italia, alikuwa ametengeneza mnyororo wa aina nyingine kutokana na gesi ya mafuta ya petroli. Mnyororo huo ni polipropilini. Kamba zake zilikuwa nyepesi na rahisi, zikaenea haraka sokoni. Bei ya mkonge ilianguka, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa Tanzania ulikuwa chini ya tani 30,000. Korona nyingi, yaani viwanda vya kukamulia majani, zilifungwa, na maelfu ya watu wa Tanga walipoteza kazi.

Hata hivyo mnyororo mpya una kasoro iliyojificha katika kiungo chake. Umejengwa kwa kaboni iliyoungana na kaboni, bila oksijeni katikati. Kwa hiyo vimeng'enya vinavyokata selulosi havina pa kushika. Kamba ya mkonge ikitupwa pwani huoza na matofali yake hurudi katika mzunguko wa uhai. Kamba ya plastiki hukatika vipande vidogo vidogo na kubaki baharini miaka mingi.

Kinachotupwa korona

Katika kila kilo 100 za majani yaingiayo korona, singa kavu ni kama kilo 4 tu. Nyingi katika kilo 96 zilizobaki ni maji, lakini ndani yake zimo seli zilizopondwa pamoja na sukari, protini na mafuta yake. Yakimwagwa mtoni, mabaki hayo huwa karamu ya bakteria. Bakteria huongezeka, hutumia oksijeni iliyomo majini, na samaki hufa.

Mabaki yale yale yakifungiwa ndani ya tangi lisilo na hewa, bakteria wa aina nyingine huyavunja na kutoa gesi ya methani. Huko Hale, katika muongo wa kwanza wa miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kuzalisha umeme kwa njia hiyo. Jambo jingine lilikwisha kuonekana katika miaka ya 1950: maji ya mkonge wa Afrika Mashariki yalitoa hekojenini, jamaa wa mafuta, ambayo wanakemia wa Uingereza waliitumia kutengenezea dawa ya kotisoni.

Jamii ya asidi za kiini nayo imechangia. Katika vituo vya Amani na Mlingano watafiti walichavusha aina mbalimbali za mimea ya ukoo wa mkonge, na hatimaye wakapata chotara namba 11648, ambaye hutoa majani zaidi ya mara mbili ya yale ya mkonge wa Hindorf. Walichobadili ni mpangilio wa nyukleotidi. Matofali yenyewe hayakubadilika.

Tanzania ingali miongoni mwa nchi zinazozalisha mkonge kwa wingi duniani. Faida ya zao hili haitategemea singa peke yake, bali pia zile kilo 96 zinazobaki. Wataalamu wa kesho, ambao leo wamo madarasani, hawana budi kujua kila kiungo ndani ya jani hilo, na kiumbe gani mwenye ufunguo wake.