Posa ya Ughaibuni na Wajibu wa Walii

Baada ya swala ya Ijumaa aghlabu huletewa suala hili: "Sheikh, binti yetu yuko Uingereza, kaposwa na kijana tusiyemjua. Tumjibuje?"

Hapa kwetu posa ina njia yake. Mshenga hutumwa, wazee huketi, na kijana huuliziwa mtaani mpaka ijulikane hata alfajiri huswali wapi. Ughaibuni mtaa huo haupo. Walii hupigiwa simu siku chache kabla ya nikaha, naye kwa kuona haya (au, tuseme kweli, kwa furaha ya kupata mkwe wa Ulaya) hutoa idhini bila ya kuuliza neno.

Kuuliza si utovu wa adabu. Bibi Fatima binti Qays (r.a.) alipoposwa na Muawiya na Abu Jahm, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka shauri. Mtume hakumficha: huyu hana mali, na yule fimbo haimtoki begani. Akamshauri aolewe na Usama bin Zayd. Wanazuoni wamechukua hapo kuwa kumtajia mshauriwa aibu ya mposaji si kusengenya.

Liko swali moja ambalo mawalii wengi hulisahau: je, ndoa itaandikishwa serikalini? Sisi Tanzania tumezoea kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya Kiislamu, tukadhani ni hivyo kila mahali. England sivyo. Mwaka 1998 nikaha ilifungwa katika mkahawa mmoja jijini London, imamu akiwapo na wageni wakishuhudia. Mume aliahidi kuwa uandikishaji ungefuata, haukufuata. Wakapata watoto wanne. Walipofarakana, shauri lilifika Mahakama ya Rufaa, nayo mwaka 2020 ikaamua kuwa sherehe ile haikuwa ndoa mbele ya sheria, hata ndoa batili haikuwa. Mke aliye katika hali hiyo hawezi kudai mgawo wa mali kama mtalaka, ingawa mbele ya Allah ameolewa.

Basi walii aulize mapema. Huko taarifa ya ndoa hutolewa kwa msajili siku 28 kabla kwa uchache, na ipo misikiti iliyosajiliwa kufungisha ndoa zote mbili kwa pamoja. Kijana akisema "tutaandikisha baadaye", ajibiwe kwa upole kwamba na idhini nayo itatolewa baadaye.